Begi lina nafasi ya kitabu kimoja: hadithi fupi za Kanada, tuchague kipi?

Shemeji yangu anaishi Mississauga, jirani na Toronto, na kila akija Dar begi lake huwa limeshagawanywa kabla hajapanda ndege. Huyu kaagiza vitamini, yule viatu vya mtoto, mama mkwe dawa ya magoti. Safari hii nimepewa nafasi ya kitabu kimoja. Kimoja tu, na kisiwe cha jalada gumu.

Kitabu chenyewe si changu peke yangu. Tuko sita, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi Tabata, tunasoma na kubishana. Yumo mwalimu mstaafu, nesi wa zamu za usiku, kijana wa chuo, mhasibu, na fundi cherehani ambaye kwa kusoma anatushinda sote. Kikifika kitapita mikono sita, kwa hiyo lazima kivumilie mengi: dakika ishirini ndani ya mwendokasi, usingizi wa saa tatu usiku, na mtu mmoja (simtaji) anayeanza kila kitabu kwa kusoma mwisho wake. Ndiyo maana tumetaka hadithi fupi. Na tumetaka za Kanada kwa sababu kule hadithi fupi haichukuliwi kama mazoezi ya mtu anayejiandaa kuandika riwaya. Alice Munro aliishi kwa hadithi fupi na mwaka 2013 akapewa Nobeli ya fasihi. Tuzo ya Giller, ambayo ikitangazwa maduka ya vitabu ya Kanada hubadilisha vitabu vya dirishani, imeshakwenda kwa mikusanyiko ya hadithi fupi zaidi ya mara moja.

Nimesoma mikusanyiko mitano kwenye simu, yote ya kuanzia mwaka 2019 kuja huku. Sasa nachagua kipi kistahili karatasi.

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, namjua M.G. Vassanji. Alikulia hapahapa Dar, akahamia Kanada, akachukua Giller ya kwanza kabisa mwaka 1994 na nyingine mwaka 2003. Uhuru Street yake ya mwaka 1991 tumeshaisoma mpaka nakala ikaachia gundi, na mwaka 2021 alitoa mkusanyiko mwingine, What You Are. Nimemweka pembeni kwa makusudi. Akiwemo yeye, mhasibu wetu hatasoma hadithi, atatafuta mitaa anayoijua na kutusahihisha.

Kisu

How to Pronounce Knife cha Souvankham Thammavongsa kilitoka mwaka 2020, na mwaka huohuo kikachukua Giller pamoja na dola 100,000 za Kanada. Mwandishi alizaliwa mwaka 1978 katika kambi ya wakimbizi wa Laos huko Nong Khai, Thailand, akakulia Toronto. Alianza na ushairi, na alikuwa ameshatoa vitabu vinne vya mashairi kabla ya huu mkusanyiko. Inaonekana. Hadithi ziko 14, fupi kwelikweli, na maneno yamepimwa kama mchele wa duka la jirani mwisho wa mwezi.

Hadithi iliyokipa kitabu jina lake ndiyo itakayomnasa msomaji wa Kiswahili kabla ya yeyote. Mtoto wa shule amepewa kitabu akasome nyumbani. Anakwama kwenye neno moja la Kiingereza, lile la kisu. Anamwuliza baba. Baba anafanya kitu ambacho mimi na wewe tungefanya: anatamka kila herufi anayoiona, kuanzia ile K ya mwanzo. Kesho yake mtoto anasimama kusoma mbele ya darasa, anatamka kama alivyofundishwa na baba, anasahihishwa. Hakubali. Hiyo herufi iko mbele, ndiyo ya kwanza, itakuwaje isiwe na sauti? Anabisha mpaka anapelekwa kwa mwalimu mkuu.

Sisi tuliojifunza kusoma kwa ba be bi bo bu hatukuwahi kuambiwa kuna herufi bubu. Kilichoandikwa kinasemwa, basi. Darasa la tano nilisoma neno hilohilo kwa sauti mbele ya wenzangu, "ki-ni-fe", na muhula mzima likawa jina langu. Kwa hiyo niliposoma hadithi hii sikuhitaji mtu anieleze aibu ile ina ladha gani. Ambacho sikukitegemea ni anachofanya mtoto akirudi nyumbani: hamwambii baba kwamba alikosea. Yule mtoto aliyepigana darasani kwa ajili ya herufi, nyumbani ananyamaza kabisa, na hapo ndipo unaelewa darasani alikuwa anampigania nani.

Karibu kila hadithi ina kazi ya mikono ndani yake, na kazi yenyewe inaonyeshwa hatua kwa hatua. Mwanamke ananyonyoa kuku kiwandani na kuwatazama wenzake wakichongesha pua ili wapande cheo. Bondia aliyestaafu bila mkanda wowote anahamia saluni ya kucha ya dada yake, anashika mikono ya wateja wenye pesa, na dada anamkanya asianze kuota. Katika hadithi ya mwisho mama na binti yake wanaokota nyungunyungu shambani usiku. Mama ni bingwa wa kazi ile, anawajua wadudu wenyewe na udongo wao. Kijana wa Kizungu anayesoma na binti anataka naye apate vijisenti, mama anamtafutia nafasi, na haupiti muda kijana ndiye msimamizi. Hakuna hotuba juu ya ubaguzi. Kuna ndoo, tochi ya kichwani, na mtu aliyefundisha kazi akipangiwa kazi na aliyemfundisha. Nesi wetu atakisoma hicho kipande na kufunga kitabu kidogo, najua.

Wala si kilio mwanzo mwisho. Kuna mama aliyepagawa na Randy Travis, mwimbaji wa muziki wa kantri, mpaka mumewe maskini anaanza kujivika kama mchunga ng'ombe wa Marekani. Kuna bibi wa miaka 70 anayeanza uhusiano na jirani wa miaka 32, na mwandishi hamwonei aibu hata kidogo.

Kasoro yake? Ukisoma nne mfululizo utaanza kusikia mdundo uleule: sentensi fupi, sentensi fupi, mwisho unaokatika kama umeme. Hiki ni kitabu cha moja kwa siku. Kwa mtu wa mwendokasi hiyo ni sifa.

Ndizi

Frying Plantain cha Zalika Reid-Benta, mwaka 2019, ni nyumba moja yenye vyumba 12. Hadithi zote zinamfuata msichana mmoja, Kara Davis, akikua katika Little Jamaica, ule mtaa wa Eglinton West mjini Toronto uliojengwa na wahamiaji wa Jamaika. Unaweza kuzisoma bila mpangilio, lakini utajinyima. Kara wa hadithi ya kwanza ni mtoto anayetafuta sifa, na wa mwisho anajua kunyamaza.

Ya kwanza hiyo ni ya kichwa cha nguruwe. Kara amepelekwa Jamaika kusalimia ndugu, anafungua friza, anakutana na kichwa kizima kimegandishwa. Anaogopa, ndugu wanamcheka, ni mtoto wa Kanada huyu. Akirudi Toronto anawasimulia wenzake shuleni, na kwenye masimulizi yake woga haupo tena: yeye mwenyewe alikuwepo nguruwe akichinjwa, yeye mwenyewe alishika kisu. Kila akisimulia damu inaongezeka, mpaka habari inawafikia walimu na mama anaitwa. Nani kati yetu hajawahi kurudi kutoka kwa bibi kijijini na nyoka aliyerefuka njiani?

Tofauti yake na Kisu ni hii. Thammavongsa anakufungulia mlango, unachungulia, anaufunga. Reid-Benta anakukalisha sebuleni, tena sebule ya bibi, ile inayong'aa na isiyotaka mtu aiguse. Kuna bibi, kuna mama aliyezaa mapema na kuapa binti yake hatarudia, kuna Kara katikati akibeba salamu za watu wasiosalimiana. Bibi na mama wanagombana kwa sufuria, kwa vumbi, kwa namna ya kusema habari za asubuhi. Hakuna kubwa linalotokea kwa kurasa na kurasa, halafu mtu anakataa sahani ya chakula na unajua uhusiano umevunjika.

Ndizi zenyewe ni zile tunazoita mzuzu, za kukaangwa zikishaiva. Fundi cherehani wetu aliposikia jina la kitabu alisema hicho hakihitaji kujadiliwa, kije. Lakini tahadhari: mazungumzo ya bibi yameandikwa kwa Kijamaika, Kiingereza kilichokunjwa kikakunjuliwa upya. Kwenye simu nilikwama kurasa tatu za mwanzo, mpaka nilipojifungia chumbani nikasoma kwa sauti. Sikio likashika ambacho jicho lilikataa. Mwalimu mstaafu atalalamika kuhusu sarufi, kisha atakipenda kuliko sisi, maana maisha yake yote amekaa kati ya mama mkali na binti mkimya.

Kwa upande wa lugha, basi, Kisu ni rahisi zaidi. Kiingereza chake mwanafunzi wa kidato cha tatu anakisoma bila kamusi. Wepesi huo ni wa juu tu, lakini haukufungii mlango.

Anayetoka Kongo

Shut Up You're Pretty cha Téa Mutonji, mwaka 2019 pia, ndicho nilichokisoma kwa kasi kuliko vyote na ndicho nitakachosita kukiweka mezani Tabata. Mutonji alizaliwa Kongo-Kinshasa, akakulia Scarborough, mashariki mwa Toronto, na kitabu kinamfuata Loli, msichana aliyefika kutoka Kongo na familia yake kwenye nyumba za kipato cha chini mtaa wa Galloway. Kama Ndizi, hadithi zinashikana na msichana anakua. Lakini mama mkali wa Kara angelisoma jalada la nyuma tu akakichoma.

Kuna sigara na wavulana tangu hadithi ya kwanza. Kuna ngono, ulevi, wanaume wazima wanaozungumza vizuri, na Loli anayetusimulia yote bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma risiti. Ubaridi huo unaumiza kuliko kelele. Anajua wanachokitaka kwake, anakubali, na wewe msomaji unabaki ukitafuta mtu wa kumkasirikia. Upande wa pili kuna urafiki wake na jirani, Jolie, ambao ni mtamu na wenye sumu palepale, na kuna mama yake. Kurasa za Loli na mama yake ndizo bora kwangu: watu wawili wanaopendana, kila mmoja akiwa na ufunguo wa kufuli lisilo la mwenzake.

Kilipata tuzo ya Trillium, ya vitabu vya jimbo la Ontario, mwaka 2020, na mwaka 2024 kikaingia kwenye Canada Reads, ule mjadala wa redio ambao vitabu vitano vinatetewa na watu maarufu na kila siku kimoja kinatolewa. Hakikushinda. Kijana wetu wa chuo anakitaka hiki na hoja yake ni nzito: kati ya vyote vitano ndicho chenye mtu wa ukanda wetu, au jirani wa karibu. Ni kweli, ingawa asitegemee Kiswahili humo.  Na uhamiaji wenyewe Mutonji haufanyi kuwa kiini. Loli ni msichana wa Scarborough mwenye wazazi wa Kongo, na mwandishi hajioni ana deni la kukupeleka safari ya nyumbani.

Ninachokilalamikia ni kwamba baadhi ya hadithi zinaishia pale zilipokuwa zinaanza kushika moto. Za Thammavongsa nazo hukatika, lakini za kwake ukishusha kitabu unajua ulichoachiwa. Hapa mara mbili nilirudi ukurasa mmoja nyuma nikidhani simu imeruka.

Mashine na mabawa

Kim Fu hafanani na hao watatu hata kidogo. Lesser Known Monsters of the 21st Century cha mwaka 2022, kilichofika orodha fupi ya Giller mwaka huo, kina hadithi 12 zisizojuana. Msichana anachipua mabawa kwenye vifundo vya miguu na rafiki zake wanamsaidia kujifunza kuruka. Mke na mume wana mashine inayoweza kumtengeneza mtu upya akifa, kwa hiyo kuuana kumekuwa sehemu ya ndoa. Watu wote duniani wanaamka siku moja hawana hisia ya ladha.

Ya kufungulia ndiyo ya kukupima. Ni mazungumzo matupu, hakuna hata mstari wa maelezo, kati ya mteja na mhudumu wa kampuni inayouza ndoto zinazofanana na ukweli. Mteja hataki kupaa wala kupanda meli ya dhahabu. Anataka kushinda bustanini na mama yake aliyekufa. Kampuni inakataza. Wanabishana kuhusu masharti ya huduma, kwa adabu, kama unavyobishana na mtu wa huduma kwa wateja kuhusu salio lililopotea, huku msiba ukipanda taratibu kama maji kwenye ngazi. Ukiipenda hiyo, nunua kitabu chote. Isipokugusa, usijilazimishe, maana nyingine ni za baridi zaidi, na mbili tatu zina wazo zuri kuliko watu waliomo.

Mhasibu atakisoma chote. Nesi amesema anatosheka na mashine za kazini.

Wasioonekana

Tainna cha Norma Dunning, mwaka 2021, kina hadithi sita tu. Dunning ni Mwinuiti, wa wenyeji wa asili wa kaskazini ya barafu, na jina la kitabu linamaanisha wasioonekana. Watu wake ni Wainuiti wanaoishi mbali na barafu, kwenye miji ya kusini mwa Kanada, kwenye makazi ya muda na mitaa ambako hakuna anayewauliza jina, lakini wahenga wao hawajahama. Marehemu anaingia kwenye hadithi na kukaa kama mgeni wa kawaida, na sisi ambao kwetu marehemu hutajwa kabla ya kula hatutashtuka. Kilipata tuzo ya Gavana Mkuu ya riwaya na hadithi za Kiingereza mwaka huohuo. Dunning ana ukali na utani vinavyotoka mdomo mmoja. Ningekiweka juu zaidi kama wahusika wachache wa Kizungu wasingekuwa wabaya tangu mlangoni, maana ubaya unaouona ukija unauma kidogo.

Sasa begi

Kwa msomaji anayejisomea peke yake, shauri langu ni fupi. Kama usiku wako ni wa vipande vipande, chukua Kisu. Kama unapenda riwaya na hadithi fupi hukuacha na njaa, Ndizi ndiyo riwaya iliyokatwa vipande. Mutonji msomee mwenyewe, usimpe binti wa kidato cha kwanza kwa sababu tu jalada linavutia. Fu ni kwa walevi wa filamu za kesho na keshokutwa. Dunning ni kwa aliyechoka kusikia Kanada ni nchi ya wahamiaji peke yao, kana kwamba hapakuwa na mtu.

Kwa aliye na ndugu Toronto, kumbuka maktaba ya jiji lile ina matawi 100, na wenye kadi hukopa vitabu vya kielektroniki kwa simu. Asiye na ndugu, vitabu hivi vinauzwa Kobo, duka la vitabu la mtandaoni, ambalo lenyewe lilianzia Toronto, na mtandao hauulizi uzito wa begi. Ila hakuna anayemwazima mwenzake simu kwa mwezi mzima.

Tulipiga kura Jumamosi iliyopita. Kisu kilipata tatu, Ndizi mbili, Mutonji moja, na kijana wa chuo akasusa chai. Nimemwandikia shemeji alete Kisu. Amejibu usiku, baada ya kukipima kwenye mizani ya jikoni, kwamba ni chepesi kuliko alivyodhani, na kwamba mama mkwe kapunguza dawa ya magoti kwa chupa moja. Nimeshamtumia jina la Ndizi. Mwenye magoti bado hajaambiwa chupa yake imebadilishwa na nini.